Kitabu cha Pili cha Mshonaji

Mimi na dada yangu tulizeekea katika karakana moja ya kujalidi vitabu. Yeye alishona kurasa, mimi nilipaka gundi na kubandika majalada, ndiyo maana hadi leo watu wananiita Gundi. Wengine wanadai ni kwa sababu nikianza hadithi sibanduki. Siwezi kubishana nao.

Kitabu kilichopita mikononi mwetu mara nyingi kuliko vingine vyote ni ile riwaya ya mshonaji nguo, ambayo kila aliyekaa darasani ameisoma na asiyekaa amesimuliwa. Binti wa mshonaji anagombana na mama yake, anapanda treni. Mama anarudi nyumbani, anaondoa komeo mlangoni, anakaa. Basi. Mwandishi akaweka nukta hapo, naye akafariki bila kumwambia mtu kama yule binti alirudi.

Tangu hapo kila mwenye kalamu amejaribu kuandika kitabu cha pili. Yupo aliyemfanya binti mpelelezi. Yupo aliyemwozesha kwa dereva wa treni. Mimi nilipostaafu niliandika changu, ambamo binti anakuwa nahodha, anamezwa na samaki mkubwa, na tumboni mwa samaki anakuta ofisi ya posta iko wazi, ila karani ametoka kidogo kwenda kunywa chai. Nilimsomea dada. Alicheka huku ameshika mbavu, kisha akafuta macho.

"Gundi, wewe si mwandishi, wewe ni ugonjwa," akasema. "Mama wa watu bado amekaa mlangoni, wewe unapanga foleni ya stempu!"

Alikuwa na sababu ya kumfikiria mama huyo. Binti yake wa pekee aliondoka nyumbani baada ya ugomvi ulioanzia kwenye koti na kuishia kwenye maneno ambayo mtu akishayatoa hayarudi mdomoni. Nyumbani tulimwita Kijiko, kwa jinsi alivyokoroga chai mpaka ikapoa, akimaliza anagonga ukingo wa kikombe kama mwenyekiti anayefungua kikao. Alihama mji, akabadilisha namba ya simu, akapotea. Dada hakumtaja tena. Aliitaja ile riwaya tu.

Macho ya dada yalizimika polepole, kisha moyo nao ukaanza kuchoka. Daktari alinivuta kando kwenye korido akaniambia nisipange mambo ya mbali. Nikatuma ujumbe kwa kila mtu aliyewahi kumfahamu Kijiko: mwambieni mama yake anaumwa, aje upesi. Kimya. Wiki zikapita, kimya kile kile. Nikajisemea, kama huyu wa kwetu nashindwa kumleta, basi nitamleta yule wa kitabuni, dada amsikie akiingia ndani kabla hajaondoka duniani.

Nikatoa vifaa vyangu uvunguni. Nilikata karatasi kwa kipimo cha ile riwaya, nikashona kwa uzi wa aina ile ile, nikabandika jalada la kitambaa. Kwa nje, mtu angeapa ni mapacha. Ndani hamkuwa na neno hata moja, kwa sababu mpiga chuku haandiki kwanza. Anafungua mdomo, mengine yanajipanga yenyewe.

"Dada, kimepatikana," nikamwambia.

"Nini? Meno yako?"

"Kitabu cha pili. Cha mwandishi mwenyewe. Jamaa zake walikifungia kabatini miaka yote."

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikinusa. Alipapasa mgongo, akavuta uzi kwa ukucha kama anavyofanya fundi anayemkagua fundi. Akafungua ukurasa wa kwanza, akapitisha kiganja juu yake, taratibu, kutoka juu mpaka chini.

"Kimeshonwa vizuri," akasema. "Haya, soma."

Basi kila alasiri tulikiweka kitandani katikati yetu, mkono wake umelala juu ya ukurasa mmoja, mimi nikijifanya nasoma wa pili. Safari hii sikuweka samaki wala posta. Nilimpeleka binti kwenye mji wa mbali, nikampa kazi ya kupiga pasi shuka za hoteli, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, jirani mwenye kikohozi. Nilimpa aibu inayomfanya mtu aahirishe kurudi mpaka mwezi ujao, kila mwezi. Na siku moja, bila kufikiri, nikamkalisha chini na kikombe cha chai. Alikoroga, akakoroga, chai ikapoa, akagonga ukingo.

Mkono wa dada ukasimama.

"Rudia hapo pa chai."

Nikarudia. Aligeuza uso ukutani, akasema nimsomee kesho.

Kuanzia siku ile, kila nilipomsogeza binti karibu na nyumbani, dada alimzuia. Nikimpandisha treni, ananiambia, "Mwache kwanza ashuke, arudi akamwone yule jirani mwenye kikohozi." Nikimfikisha stesheni, "Mpitishe kwa fundi viatu, asije kwa mama yake na viatu vimeachama kama mdomo wako."

"Dada, kitabu kimeshachapwa. Nitampitishaje?"

Akacheka, kicheko kidogo, pumzi haikutosha kikubwa. "Gundi. Karatasi hii ni laini kama shavu la mtoto. Vitabu vya enzi zetu vilichapwa kwa herufi za madini ya risasi, zinauma karatasi, ukipitisha kidole unakuta makovu yake. Lakini wewe majalada yamekupofusha. Umeishi nje ya vitabu maisha yako yote."

Nilitamani ardhi inimeze, samaki na posta yake pamoja nami.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponipa."

"Mbona umeniacha niendelee?"

"Nilitaka kujua amefikia wapi."

Nikamuuliza kwa nini basi anamrudisha nyuma kila mara. Alicheza na pembe ya ukurasa.

"Akifika, kitabu kinaisha," akasema. "Na mimi sijui nitangoja nini tena."

Alasiri ya mwisho alikataa uji, akakataa dawa, akaniita nikae karibu.

"Leo mlete," akasema. "Ila usimlete analia. Akilia nami nitalia, tutapoteza muda bure. Mlete ana njaa. Mtoto mwenye njaa anampa mama yake kazi ya kufanya."

Nikamleta. Nilimshusha stesheni na begi lake, nikampitisha mbele ya duka la mikate ili harufu imzidishie njaa. Nikamvusha barabara, nikamkatisha uchochoro. Nilikuwa nimemfikisha kwenye kona ya mtaa wa mama yake nilipoona kiganja cha dada kimetulia juu ya karatasi. Nilimwita. Nilimwita tena. Kisha nikaendelea, kwa sababu sikuweza kumwacha mtoto pale barabarani. Nikamfikisha mlangoni, nikaufungua, nikamkalisha mezani, mama akapasha chakula moto. Hapo ndipo nikatoka kwenda kuita watu.

Tulimzika. Waombolezaji walipotawanyika, nikabaki peke yangu nakunja shuka zake. Mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke mwenye mvi za mapema, begi begani, vumbi mpaka magotini. Ujumbe wangu ulizunguka kwa watu, ukamfikia Kijiko wakati mama yake ameshaingia kaburini.

"Mjomba, shikamoo," akasema. Macho yake yalishanipita, yakienda kitandani. "Nimekuja moja kwa moja. Mama kalala?"

Nimewadanganya watu maisha yangu yote, kwa raha yangu na yao. Siku hiyo nilitafuta uongo mmoja tu, hata wa dakika moja, wa kumwezesha kuliweka begi chini. Sikuupata. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na shuka, akashika godoro kwa mikono yote miwili.

"Alinitaja?"

"Kila siku. Ila alikuita binti wa mshonaji."

Nikampa kitabu. Alikifungua, akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Mjomba, humu hamna kitu."

"Kimo chote. Nitakusomea," nikasema. "Lakini kwanza niambie, una njaa?"

Alinitazama kama ambaye hajaelewa swali.

"Sijala tangu jana," akasema, na ndipo alipolia.

Nikaenda jikoni nikawasha jiko. Nilipasha maharage waliyoacha majirani, nikakata mkate, nikachemsha chai. Nilikuwa najua kila kitu kilipo, maana nilishawahi kumpikisha dada chakula hiki hiki, kwa mdomo tu, alasiri ile ya mwisho. Nikamwekea mezani, nikaketi upande aliokuwa akikaa mama yake. Alikoroga chai yake, akaikoroga, mvuke ukaisha kikombeni, naye bado anakoroga. Nikafungua ukurasa wa kwanza, mweupe, na kungoja agonge kikombe.