Nishani za Nyumba ya Gebreyes

Baba mdogo Ayalneh simpendi, na naomba hilo lieleweke mapema ili msinishangae. Ni binamu wa baba yangu, mtu wa kuja kwetu Debre Berhan akiwa na shida tu. Siku ile shida yake ilikuwa nishani za babu.

Zilikuwa sita, zimebanwa pamoja kwenye kipande kimoja cha shaba, kila moja na utepe wake. Wanajeshi walipomwondoa mfalme, watu wengi walitupa chooni nishani alizowapa, kwa hofu. Bibi Yeshimebet alizifukia zetu chini ya jiko la injera, mkate wetu wa kila siku, akawa anapika juu yake miaka yote hiyo. Wapekuzi walipokuja, aliwalisha hiyohiyo injera, wakaondoka wakimshukuru. Nikikumbuka hilo nasikia raha mpaka leo.

Sasa Bi Sosena wa makumbusho alikuwa amekuja kutoka Addis Ababa kuziona. Alivaa glavu, akazisogelea na kioo chake cha kukuzia, akashusha pumzi.

"Jamani! Seti nzima kama hii sijawahi kuiona. Nyingi zimeyeyushwa zikawa hereni."

Baba akavimba kichwa. Alichotaka ni kimoja tu: ziwekwe zote pamoja, kwa jina la Gebreyes, baba yake.

"Ila kuna tatizo," Bi Sosena akasema. "Nishani za wapiganaji wa msituni hapa zipo mbili, na mtu mmoja hapewi mbili. Kila jani hili la utepeni ni mwaka mmoja wa kupigana na Waitaliano. Hii ina majani matatu, hii matano. Moja si yake."

"Si niliwaambia!" Ayalneh akaruka. "Ya majani matano ni ya marehemu baba. Itoeni hapo nikaivae kwenye gwaride."

"Baba yako?" Baba akacheka kwa hasira. "Vita vyote baba yako alikuwa Dessie anauza chumvi!"

"Nina shahidi mimi."

Alikuwa naye kweli: Mzee Wondirad, aliyepigana bega kwa bega na babu, ameketi pembeni na fimbo yake.

"Mzee, waambie. Baba mkubwa Gebreyes alipigana miaka mitano?"

"Mitatu," mzee akajibu. "Kisha Waitaliano walimkamata wakamfunga kisiwani kwao. Alirudi vita vimekwisha."

Baba akanywea. Maisha yake yote alikuwa ametuambia mitano.

"Ya majani matano ni ya nani, basi?" Bi Sosena akauliza.

"Mwenyewe yu hai. Ushujaa wa aliye hai siutangazi mimi. Akitaka atasema."

Ndivyo ilivyo kwetu. Sifa za vita mtu hujitangazia mwenyewe, mbele ya walioona, na akiongeza chumvi wanamkatiza papo hapo.

"Mzee amechoka huyu," Ayalneh akasema, akaanza kuifungua ile nishani kwa kucha.

Bibi alikuwa anakaanga kahawa. Aliweka kikaango chini.

"Ayalneh, toa mkono."

"Mama mkubwa, wewe endelea na kahawa. Haya ni ya wanaume."

Bibi akainuka. Akajifunga shuka yake kiunoni, akaanza kutembea mbele yetu huku na huku, kwa hatua ambazo sikujua kama anazo.

"Mimi Yeshimebet! Miaka mitatu na mume wangu, miwili peke yangu! Yeye walimchukua, bunduki yake wakaisahau! Nikaibeba, mtoto mgongoni! Darajani nilikuwepo! Pangoni nilikuwepo! Anayebisha asimame!"

Mzee Wondirad akasimama. Nikadhani anabisha. Lakini mzee alipiga fimbo sakafuni, akapaza sauti: "Ulikuwepo! Niliona kwa macho yangu!"

Ayalneh akatafuta kofia yake. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

"Mama," Baba akauliza polepole, "huyo mtoto mgongoni..."

"Ndiwe! Ulikuwa unalia hovyo, nusura utuuze."

"Mbona hukutuambia?"

"Baba yako alirudi mifupa mitupu, watu wamejaa uani kumpongeza. Nisimame nijisifu mbele yake? Siku tuliyopewa nishani, yeye ndiye aliyeichukua yangu akaibana katikati ya zake."

Bi Sosena alikuwa anafuta macho. "Bibi, nisamehe. Nitaiandikia jina lako. Nitaitoa hapa, tuiweke chumba cha akina mama, peke yake, kila mtu aione."

Bibi akaufunika ule mstari wa nishani kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu, Waitaliano walishatutenganisha miaka miwili," akasema. "Imetosha."