Kaskazini Isiyo Yangu

"Pon," nikasema, yaani kigae kilichotupwa nakichukua mimi, na mkono ulikuwa umeshafika katikati ya meza kabla akili haijafika.

Kaka yangu Kunihiko alikuwa ametupa kigae cha upepo wa kaskazini. Nilikuwa navyo viwili, nikakinyakua, nikavilaza vitatu pembeni, kila mtu avione. Nilikuwa nimeshafungua mkono, yaani vigae vyangu vya siri. Ndipo nikakumbuka kwamba kaskazini ni upepo wa kiti cha Mama. Kwangu haikuwa na thamani hata chembe.

Tulikuwa nyumbani Akita, mchana wa pili wa mwaka mpya, miguu chini ya blanketi la meza yenye kipasha joto chini yake, theluji imefika madirishani. Baba alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Sisi watoto watatu tukakubaliana, bila haya: atakayeburuza mkia katika mchezo huu wa vigae aache kazi Tokyo, arudi kukaa na Mama. Mama akasema sawa, akaketi kuwa mchezaji wa nne. Sasa ilikuwa raundi ya mwisho, na mkia nilikuwa nao mimi.

Ningetulia tu. Mkono uliofungwa ukibakiza kigae kimoja, unatangaza, na tangazo lenyewe linakupa haki ya kushinda. Ukishaufungua, haki hiyo huna. Lazima uwe na kitu kingine, kama vigae vitatu vya upepo wa kiti chako mwenyewe, nami sikuwa na kitu. Lakini kungoja siwezi, tangu utotoni. Magoti yalikuwa yananicheza chini ya blanketi.

"Mwenzetu anawahi treni," dada Mitsue akanichokoza.

Zamu tatu baadaye Mama akatupa kigae cha duara tano, kigae kile kile nilichokuwa nakisubiri. Akanitazama. Sikuweza kukichukua, kwa kuwa haki ya kushinda sikuwa nayo. Kunihiko akashinda. Mwezi wa tatu nikahamia Akita.

Miaka kumi na moja mimi na Mama tulikula wali meza moja. Nilimkasirikia, nikampenda, na muda wote niliamini kwamba siku ile alijaribu kuniokoa, upumbavu wangu ukaniponza. Wiki moja kabla hajafa, nikimmenyea chenza, nikamshukuru kwa ile duara tano.

"Unanishukuru nini?" akasema. "Ulifungua kwa kaskazini yangu. Nilijua fika huwezi kushinda, hata nikupe kigae gani."

"Sasa mbona ulinitazama vile?"

Akatafuna kipande chake mpaka kikaisha.

"Niliogopa labda nimekosea," akasema, "na utarudi Tokyo."