Dakika Hamsini kwa Duka Moja

Mimi si mtu wa mizimu. Mimi ni mtu wa sabuni, ndoo na mashine za kusugua sakafu, na kwa miaka ishirini na miwili nimeendesha kampuni ya usafi hapa Iisalmi, mji mdogo wa Finland, bila kumwona malaika wala shetani. Lakini tangu ile barua ya tenda ifike Jumatatu, Rauni Tolvanen amerudi, na Rauni tulimzika miaka mitatu iliyopita.

Haonekani. Angeonekana, ningejua la kumwambia. Namsikia tu. Nikiwa ofisini peke yangu, na ofisi yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli, nasikia mashine ya kusugua ikiunguruma upande wa pili wa ukuta. Inakwenda, inageuka, inarudi. Nikitoka kuangalia, namkuta fundi baiskeli anakunywa kahawa yake. "Vipi, Helka?" ananiuliza. Namjibu hamna kitu, narudi ndani.

Barua ilitoka kwa kampuni ya maduka, wale wenye supamaketi kila mji. Walikuwa wanatoa maduka tisa kwa mpigo, miaka minne. Kila duka mtu mmoja, dakika hamsini asubuhi, na bei imekatwa kwa dakika hizo hizo. Alhamisi tufanye usafi wa majaribio katika duka la hapa mjini, Ijumaa saa sita mchana wanataka jibu. Dakika hamsini! Sakafu nzima, milango ya vioo, vyoo viwili, chumba cha wafanyakazi, na kile chumba cha wateja kurudishia chupa tupu ambacho kila siku kinanata bia. Aliyepanga hesabu ile hajawahi kushika mopu maishani mwake, naapa.

Siku nyingine ningeicheka na kuitupa. Ila kituo cha afya, kilichokuwa kinatulisha, kilichukuliwa na kampuni kubwa ya Helsinki majira ya kuchipua. Bila kazi mpya, ikifika Agosti lazima niwaachishe wawili kati ya watu wangu wanne, na wa kwanza ni aliyeajiriwa mwisho. Aliyeajiriwa mwisho ni Mirva, binti yake Rauni. Ana mapacha wa miaka minne na nyumba aliyoinunua kwa mkopo juzi tu.

Jumanne alikuja ofisini na mkate mtamu wa iliki, bado wa moto.

"Umeshasaini?" aliniuliza hata mlango hajaufunga.

"Bado nafikiria."

"Unafikiria nini, bosi? Kwani una mgodi wa dhahabu huko stoo, hujatuambia?"

"Dakika hamsini, Mirva."

"Nimesoma. Mimi nina miguu mirefu."

"Na duka la kwanza ni lile."

Akamega mkate, akanisogezea kipande. "Najua ni lile. Nanunua maziwa mle kila Jumamosi. Sakafu haimli mtu, Helka."

Nilikitafuna kile kipande. Alikuwa ananiangalia kwa macho ya mama yake, yale ya kijivu yasiyopepesa. Nilitaka aondoke. Nasema ukweli, nilitaka aondoke upesi.

Maana duka lile tulikuwa nalo zamani, kwa masharti hayo hayo, na aliyekuwa analisafisha ni Rauni. Siku hizi kila mfanyakazi anabonyeza simu akiingia kazini, anabonyeza tena akitoka, nami nayaona yote kwenye kompyuta. Rauni alikuwa anabonyeza kuingia saa kumi na moja kamili, na kutoka saa kumi na moja na dakika hamsini. Kila siku, hakosei. Meneja wa duka, Jouni, akawa ananipigia kunisifu, kwamba sakafu yao haijawahi kung'aa vile. Nami kila mwisho wa mwezi nilikuwa namuuliza Rauni, "Kule vipi?" Naye ananijibu, "Inakwenda." Sisi huku mtu akikwambia inakwenda, umemaliza. Hakuna anayeuliza mara ya pili. Kuuliza mara ya pili ni kumwambia mtu humwamini.

Asubuhi moja ya Machi mleta mikate alimkuta amelala kichalichali mbele ya friji za maziwa. Aliteleza kwenye maji ya sabuni, akapiga kisogo kwenye ukingo wa chuma. Mashine ilikuwa bado inaunguruma, imejibana kwenye rafu, brashi zinazunguka pale pale. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Simu yake ilionyesha kwamba ametoka kazini saa nzima iliyopita.

Watu wa bima waliikamata saa hiyo kama ushahidi. Marehemu alikuwa ameshatoka kazini, wakasema. Aliyeanguka dukani ni raia tu, si mfanyakazi. Wakaniuliza kama nilijua kwamba anabaki na kufanya kazi baada ya muda. Niliandika mstari mmoja: sikuwa na habari. Familia haikupata hata senti.

Nilikuwa na habari.

Januari ya mwaka ule nilipita pale saa kumi na mbili na nusu, kiza totoro, theluji hadi magotini, nampelekea dumu la sabuni. Nikamwona kupitia vioo. Alikuwa anaisukuma mashine mbio mbio, kofia imemteleza, jasho linamtoka. Kwenye simu yangu alikuwa ametoka kazini dakika arobaini zilizopita. Nikakaa ndani ya gari nikimtazama. Halafu nikazima taa za gari, nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani, dumu langu pembeni. Nilijiambia namstahi, nisimwaibishe mtu mzima kwa kushindwa kumaliza kazi kwa wakati. Stahi gani! Nilikuwa nimeshapiga hesabu ile usiku wa kusaini, nikaona bila dakika za bure za mtu mkataba ule haulipi. Basi nikaondoka na dakika zake.

Huyo ndiye niliyekuwa namsikia ukutani.

Alhamisi tulikwenda wawili, mimi na Mirva. Ilikuwa Juni, saa kumi na moja alfajiri na jua limeshapanda kitambo, linaingia dukani mpaka kwenye rafu za mwisho. Jouni alitufungulia, akasema atakuwa ofisini kwake juu, akaenda zake na kikombe. Nilimwambia Mirva akae.

"Nafanya mimi," nikasema.

"Wewe? Una miaka hamsini na tisa na goti la bandia."

"Kaa kwenye makreti hayo, shika saa. Nataka nione kama inawezekana."

"Ukianguka nitamwambia nini fundi baiskeli? Anakupenda yule." Akacheka, akakaa.

Nilibonyeza kuingia. Nikaanza na vyoo, nikamaliza kwa dakika kumi na moja. Chumba cha chupa kilinila kumi na mbili, sakafu imeganda bia na soda ya watoto, sponji inanata. Nikafuta vioo. Nikawasha mashine na kuingia nayo njia ya kwanza, ya mboga, na hapo ndipo nilipoisikia ile nyingine.

Ilikuwa njia ya pili, nyuma ya rafu ya makopo. Nilipokwenda, nayo ilikwenda. Nilipogeuka, ikageuka. Nikazima yangu nisikilize. Kimya. Mirva alikuwa pale kwenye makreti, kichwa kimeinamia simu, hana habari. Nikawasha tena, na yule mwingine akawasha, sasa yuko mbele yangu kidogo, ananiongoza, ana haraka. Nywele zilinisimama mchana kweupe. Nikasema kimoyomoyo, Rauni, acha basi, mama, niache nifanye kazi. Hakuacha. Nikaanza kumkimbiza. Kila nilipomaliza njia moja, mlio wake ulikuwa umeshaingia inayofuata, na mimi na goti langu nikasukuma, nikasukuma, blauzi imenilowa mgongoni.

"Hamsini!" Mirva akaita.

Nilikuwa mbele ya maziwa. Zilibaki njia tatu na chumba cha wafanyakazi. Nikatoa simu, nikabonyeza kutoka, nikairudisha mfukoni, nikashika mashine nikaendelea kusukuma.

Sikujua kama nimeendelea. Haki ya Mungu, sikujua. Mkono ulibonyeza, mwili ukaendelea, kwa sababu pale sakafuni kulikuwa na mstari, huku kumeng'aa na huku kuna matope, na mimi sijalelewa kuacha mstari kama ule. Ni hivyo tulivyo sote. Na aliyeandika dakika hamsini kwenye karatasi alikuwa anajua tulivyo.

Mirva alikuwa amesimama mbele ya mashine.

"Umeshabonyeza," akasema.

"Kidogo tu, nimalizie hapa."

Uso wake ulibadilika. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Aliinama akachomoa waya wa betri kwa mkono wake, mashine ikafa, na ile nyingine pia ikafa.

"Alikuwa anasema hivyo hivyo," akasema. "Nikimpigia simu asubuhi, mama uko wapi mpaka saa hizi, ananiambia kidogo tu, nimalizie hapa."

Nikakalia ukingo wa friji. Nilijua nisiposema sasa sitasema tena, na Ijumaa nitasaini, na atakayekuwa anakimbizana na mlio ule ni huyu hapa.

"Mirva, nilimwona mama yako," nikasema. "Ile Januari. Alikuwa ameshabonyeza na bado anafanya kazi. Nilikuwa nje kwenye gari. Nikaondoka. Na watu wa bima waliponiuliza, niliwadanganya."

Nilingoja anipige. Ningefurahi angenipiga.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Alikuona. Alijua gari lako. Alirudi nyumbani siku ile anacheka, amefurahi, mashavu mekundu. Akaniambia, Helka kaja leo, kaona ninavyofanya, kazima taa kimya kimya kaenda zake. Hakusema neno. Akasema, unaona, Mirva, bosi ananiamini."

Miaka mitatu nilikuwa nadhani nimemwibia bila yeye kujua. Kumbe alijua, na aliichukua kama sifa, akaibeba kifuani miezi miwili mpaka siku aliyoanguka. Nililia pale mbele ya maziwa, mwanamke mzima, kamasi zinanitoka, na Mirva hakunishika bega wala hakuniambia nyamaza.

"Kwa nini ulikuja kufanya kazi kwangu?" nilimuuliza nilipoweza.

"Nilikuwa nangoja useme. Ningewaambia mimi watu wa bima, wangesema ni binti anayetafuta hela. Ilibidi useme wewe." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Nilidhani utachukua mwezi mmoja, miwili. Ukachukua miaka mitatu, Helka. Na juzi bado nikakuletea mkate."

Jouni akashuka na kikombe chake, akaangalia sakafu. "Mbona huku kwa mikate bado?"

"Muda umeisha," nikamwambia.

"Si mnamalizia tu? Rauni alikuwa hana shida na muda."

"Jouni," akasema Mirva, "rudi juu."

Akarudi. Tuliuacha mstari pale ulipo, tukabeba mashine wawili mpaka garini.

Ijumaa nilikuwa ofisini tangu asubuhi. Barua ya kampuni ya maduka haikunichukua muda: hatuchukui, duka lile linataka saa mbili, mkilipa saa mbili nipigieni. Hawatapiga. Nililia kidogo nikiituma, nisijifanye shujaa, maana pamoja na ile tenda iliondoka kazi ya Mirva na ya mwenzake ikifika Agosti, na huenda na kampuni yenyewe.

Barua ya bima ndiyo iliyonitoa jasho. Kwa siri nilikuwa nimeshaulizia zamani, wakaniambia madai kama yale yanaweza kufunguliwa tena kabla ya miaka mitano kwisha. Tangu niulizie, karatasi yenye namba ya faili ilikuwa droo ya chini, chini ya katalogi za mopu. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Saa tano Mirva akaja. Safari hii hakuleta kitu. Alisimama mlangoni.

"Isome kwa sauti," akasema.

Nikasoma. Tarehe, saa, jina la mama yake kamili, gari langu, taa. Nikafika mahali nilipoandika kwamba labda nilipaswa kuingia ndani siku ile na kumwambia aende nyumbani.

"Toa hiyo labda," akasema.

Nikaitoa.

"Endelea."

Nikasoma mpaka mwisho, mpaka pale nilipoandika kwamba nilidanganya na kwamba nilijua ninadanganya. Nikasaini vibaya, kama mtoto. Mirva aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe kimya, taratibu, kidole kinafuata mistari.

"Nitaipeleka posta mimi," akasema.

"Na sisi je, Mirva? Mimi na wewe?"

Alikuwa ameshaiweka ndani ya koti na anavuta zipu.

"Sijui," akasema. "Usiniulize leo." Akatoka, nikamsikia akimwomba fundi baiskeli stempu.