Kisanduku cha Macho Manane

Mtu huweza kuvuka nchi nne, akaacha nyumba, akaacha mbuzi, akasahau hata njia ya kwao, lakini uongo mmoja mdogo akaubeba mpaka mwisho wa safari. Lwaboshi alifika na wake Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Aliutoa siku ya kwanza alipoingia korali, yaani kwaya ya kanisa, watu walipomwuliza alikuwa akifanya kazi gani kule Bukavu, Kongo.

"Studio," akasema. "Mi nilikuwa fundi wa sauti."

Si kwamba studio haikuwepo. Ilikuwepo, mtaani Kadutu, naye alikuwamo miezi saba. Alifagia, alifungua mlango, alichemsha chai ya wanamuziki, na jioni alikunja nyaya na kuzitundika kwenye misumari. Nyaya zile zilifanya kazi gani hakuna aliyemwambia, na yeye hakuuliza. Lakini Dzaleka nani angejua? Wakamwita Fundi. Jina likamkaa kama koti la mtumba lililobahatika kumtosha, miaka sita.

Basi mwaka 2013 Mama Antoinette akapata safari ya Kanada, ya kuhamia kabisa. Huyu ndiye aliyekuwa sauti ya mbele ya korali. Wimbo wao mkubwa, ule wa kuvuka mto Ruzizi, aliutunga yeye wiki waliyomzika mama yake katika makaburi ya kambi. Dzaleka kila familia inapopata safari hufanyiwa ibada ya kuaga, na kila ibada ya kuaga hupunguza korali sauti moja. Sauti nyingine waliziacha ziende. Hii ilikuwa vigumu kuiacha, na mwenyewe pia hakutaka iende yote.

"Mi niko naenda," aliwaambia baada ya mazoezi, "lakini mama anabaki hapa peke yake. Nataka sauti yangu ibaki naye. Muiweke ndani ya masini, mukuwe munaipiga siku ya kufagia makaburi."

Maiki mbili walikuwa nazo. Kompyuta ya kubeba walikuwa nayo, ya kanisa. Kilichokosekana ni kadi ya sauti, yaani kile kisanduku kinachopokea sauti kutoka kwenye maiki na kuiingiza ndani ya kompyuta. Pamoja na programu ya kuirekodi. Wakachanga. Macho yote yakamgeukia Fundi.

Rosette, mshona nguo aliyeimba sauti ya pili, alikuwa amesomasoma habari hizo kwenye kafe ya intaneti. Akampa karatasi. Iliandikwa: USB. Tundu mbili zinatosha. Programu nyepesi.

"Na ubebe kompyuta, Papa Lwaboshi. Mujaribu palepale."

"We Rosette, mi nakufundisha kukata suruali?"

"Hapana, papa."

"Basi!"

Wakacheka, na Rosette akacheka nao. Lakini karatasi alimtia mfukoni mwa shati.

Lwaboshi akaomba kibali cha kutoka kambini siku moja, akaenda Lilongwe mikono mitupu. Duka lilikuwa mtaa wa Area 25, nyuma ya soko, la Zénon, mtu wa Bukavu aliyeuza vinanda na spika zilizotumika. Zénon akaweka visanduku viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa na ukubwa wa Biblia, tundu mbili na kitufe kimoja cha kuzungusha. Cha pili kilikuwa cha chuma, kizito, tundu nane usoni zimepangwa kama macho, na juu ya kila tundu taa nyekundu. Moyo wa Lwaboshi ukaruka. Kama hicho ndicho alichokuwa akikipangusa vumbi kule studio.

"Hii kidogo njo bantu ba nyumbani banaipenda," Zénon akasema. "Unachomeka USB, inaongea. Programu yake ni ya bure, nyepesi. Hii kubwa, eh, sauti yake ni ya studio kweli! Lakini haiingie kwa USB. Iko na waya yake." Akaunyanyua waya wenye kichwa cha ajabu, chembamba, kimekatwa pembe. "Kompyuta yenu iko na tundu ya hii?"

Kompyuta ile Lwaboshi alikuwa ameibeba kwapani mara mia. Ubavuni mwake hakuwahi kuangalia. Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu, sijui, na mtoto wa darasa la kwanza angeliweza.

"Iko nayo," akasema.

"Una hakika, grand frère? Rudi nayo wiki kesho tujaribu. Mi sikimbie."

"Unaongea na fundi."

"Ah bon! Wa studio gani?"

"Ya Kadutu. Kwa Lucien."

"Kwa Lucien! Mi nilipitaka pale!" Zénon akamtazama kwa heshima mpya. "Basi unajua kuliko mi. Na programu je? Hii ya bure ao ile kubwa?"

"Ile kubwa. Ya bure ni ya batoto."

Njiani akirudi alikipakata kile kisanduku kikubwa kama mtoto mgonjwa. Karatasi ya Rosette ilimchoma kifuani, akaitoa, akaikunja ndogo, akaitia kwenye soksi.

Kesho yake mchana alijifungia kanisani peke yake. Programu ilifunguka baada ya muda wa kupika maharage, ikatandaza mistari minane ya rangi, mizuri ajabu. Akashika waya. Akaigeuza kompyuta upande huu, akaigeuza upande ule, akaipindua chali kama anayetafuta kupe kwenye mbuzi. Tundu haikuwepo. Akachomoa hiki, akachomeka kile, akachomoa hata hedifoni. Hakuna. Jasho likamshuka mpaka kiunoni. Kibali kingine kingechukua siku tano; Mama Antoinette alikuwa anaondoka Alhamisi, na leo ni Jumanne.

Bado nafasi ilikuwepo. Angeweza kutoka nje, akasema, jamani, nimekosea. Wangemcheka, wangekasirika, kisha wangetafuta njia nyingine. Alikaa akiliwaza hilo neno mpaka aliposikia watoto wa shule wakirudi. Hakutoka nalo.

Jumatano saa nne asubuhi korali ilijipanga na sare za kijani. Lwaboshi alikuwa ametandika meza kitambaa, na ule waya usio na pa kuingia ameuficha chini yake. Kisanduku kilipata umeme, taa nane zikawaka. Watu wakasema, "Eee!" Akavaa hedifoni.

Rosette akainua simu yake. "Papa, niweke na hii pembeni? Iwe ya akiba."

"Zima hiyo simu! Inaharibu sauti!"

Akazima. Akaitia kwenye mkoba na kuufunga zipu.

Wakaimba. Ilipofika pale pa Mama Antoinette peke yake, watu wote wakanyamaza, naye akafumba macho:

*Maji, munipitishe pole,*
*nabeba mama mgongoni.*

Hakuwa amewahi kuimba vile. Wanawake wawili wa nyuma walishindwa kuendelea. Akafumbua macho akamtazama Lwaboshi, na Lwaboshi akabonyeza hedifoni kwa vidole viwili, akaitikia kwa kichwa polepole kama alivyowaona mafundi wa Kadutu wakifanya. Mbele yake mistari minane ilikuwa imelala, minyoofu kama kamba ya kuanikia nguo. Ndani ya masikio yake hapakuwa na kitu ila mapigo ya moyo wake mwenyewe.

"Imeingia?" Mama Antoinette akauliza.

"Imeingia."

"Yote?"

"Yote, mama. Safi kabisa."

Akaja mpaka mezani, akakiwekea kisanduku kiganja kama anayebariki mtoto. "Asante, Fundi," akasema. Hakuondoka mara moja. Alisimama kidogo, akiangalia chini, kisha akaenda.

Alhamisi basi likambeba.

Sasa aibu ya mbele za watu hupita. Watu wana mambo mengi. Ile ya siri ndiyo hulala kitandani na mtu. Wiki ya kwanza Lwaboshi alisema bado anaisafisha sauti. Wiki ya tatu alisema kompyuta ina virusi. Mwezi wa pili akaanza kuzunguka nyuma ya kliniki ili asipite kwenye cherehani ya Rosette. Siku ya kufagia makaburi ilikuwa inakaribia, na wazee wa kanisa walikwisha kuazima spika. Mtu akipita akiimba wimbo wa Ruzizi, alijifanya anafunga kamba za viatu.

Ndipo simu ikalia, namba ndefu ya ng'ambo.

"Fundi! Huku baridi inakata masikio! Bale bote bazima?"

"Bazima, mama."

"Na wimbo?"

Akafungua kinywa aseme virusi. Yakatoka mengine. Yakatoka yote: waya, tundu, Zénon, hata ufagio wa Kadutu.

"Nilijua," Mama Antoinette akasema.

"Ulijua nini?"

"Hedifoni ulivaa, lakini mkia yake ilikuwa inaning'inia kwa goti yako. Niliiona niko katikati ya kuimba. Nikasimama kwa meza, nikaiangalia tena."

"Mama! Na mbona hukusema?"

"Mbele ya bantu bote? Siku yangu ya mwisho niache mutu uchi?" Akavuta pumzi. "Lakini usifikiri sikukasirika, Lwaboshi. Nililia kwa basi mpaka airport. Banafikiri nalilia mama. Mi nilikuwa nakulilia we na upumbavu yako."

Ilikuwa mara ya kwanza, baada ya miaka sita, asimwite Fundi. Wahenga wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Lwaboshi alikuwa ameoshwa akiwa hai, mchana kweupe, na hakujua.

"Nilikusitiri siku moja," akaendelea. "Sikukusitiri ili uzeeke na huo uongo. Na Rosette ulimzimisha simu. Mwambie ye kwanza."

Kanisa lao lina desturi. Mwimbaji aliyekosa huvua sare, hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, miezi mitatu bila kuimba. Wazee ndio humpeleka. Jumapili ile Lwaboshi alijipeleka. Alipita kwanza kwa Rosette, akamrudishia karatasi yake, imelainika kama kitambaa, akamweleza. Rosette alimsikiliza akiwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Ningeiwasha simu kwa mkoba," akasema. "Siri. Nilifikiria. Nikasema hapana, papa ni fundi, anajua." Akainamia cherehani tena. Ingekuwa afadhali angetukana.

Kanisani aliyasema tena, amesimama, sare mkononi. Kijana mmoja wa besi aliguna, "Fundi wa ufagio!" na kicheko kikapita kwenye mabenchi kama upepo kwenye mahindi. Akaketi.

Kibali kilipotoka alirudi Area 25, safari hii na kompyuta, kisanduku, na Rosette.

"Kwa Lucien," Zénon akauliza akiangalia ubavu wa kompyuta, "ulikuwa fundi wa nini?"

"Wa kufagia."

Zénon akacheka mpaka akajifuta macho kwa shati. Kisha akavuta kigoda. "Keti, mzee. Uliza."

Naye akauliza. Hii ni ya nini? Na hii? Sauti inapita wapi? Rosette akaandika. Wakabadilisha, wakarudi na kisanduku cha tundu mbili na programu ya bure.

Walirekodi Jumamosi ya kabla ya kufagia makaburi. Rosette ndiye aliyekaa mezani. Lwaboshi alikaa benchi lake la nyuma, mikono mapajani, kwa sababu miezi mitatu haijaisha.

"Papa Lwaboshi!" Rosette akaita kabla ya kuanza. "Kuja uangalie kama hedifoni imechomekwa."

Watu wakalipuka kwa kicheko. Akainuka, akapita katikati yao uso ukiwaka, akainama chini ya meza, akafuata waya kwa kidole mpaka mwisho. "Imechomekwa," akasema, akarudi nyuma.

Pale pa Mama Antoinette hakuna aliyetaka kupaimba. Walikubaliana wapaache. Korali nzima ikanyamaza mistari miwili, na kwenye kompyuta mstari wa sauti ukalala, karibu mnyoofu kama siku ile. Ila sasa kisanduku kilikuwa kinasikia. Kilichukua kuku wa jirani, kilichukua mtu aliyekohoa, na kutoka karibu na mlango kilichukua pumzi za mzee aliyekuwa akijizuia, asiyeruhusiwa kuimba.

Rosette alitaka kuzifuta zile pumzi. Walipompelekea Mama Antoinette wimbo, akasema waziache.