Maji Yenye Mwisho

Kila Jumamosi Goodness alifua mashati ya mumewe, akayaanika, akayapiga pasi ya mkaa na kuyarudisha kabatini. Hakuna aliyekuwa ameyavaa tangu mvua za El Nino zilipoyajaza maji mashimo ya madini ya Mererani, mumewe Eliudi akiwa chini. Amri ya kuyafua ilitoka kwa baba mkwe wake, Mwalimu Yoramu, aliyesema mwanawe hawezi kurudi akakuta nguo zake zinanuka uvundo. Majirani walipoiona kamba imejaa mashati waliangalia pembeni. Mtu ana haki ya kuwa na wazimu wake uani kwake, lakini huu wa Mwalimu ulifuliwa kwa mikono ya mtu mwingine.

Yoramu alikuwa mgane, mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu wa Agano la Kale katika chuo kimoja cha Biblia huko huko mlimani, juu ya Moshi. Kiebrania alikijua, na ubishi alikuwa nao wa kutosha kugawia tarafa nzima. Wazee wa ukoo walikuwa wamemwendea kwa upole. Walimkumbusha kwamba mtu asipopatikana, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukalazwa, ukaliliwa na kuzikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, kama angezikwa mwenyewe. Matanga yakaanuliwa, na mke akajua yeye ni mjane. Yoramu aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Sikufundisha Neno la Mungu maisha yangu yote ili nije kuzika mti," aliwajibu.

Watu wakasema, ama kweli huyu ana imani. Imani haikuhusika. Alijua moyoni kwamba kama hakuna kilichofukiwa, Eliudi alikuwa amechelewa tu.

Alasiri moja Goodness alimletea chai, akabaki amesimama.

"Baba, kuna mtu anataka kunioa. Theodory, yule seremala wa Njoro. Mchungaji anasema hawezi kutufungisha ndoa mpaka wewe ukubali kwamba Eliudi amefariki."

"Nani alimwona amekufa?"

"Primus, mchimbaji mwenzake, alikuwepo."

"Primus ni mlevi. Habari zake zimetoka kwenye kilabu cha mbege. Huo ndio ushahidi?"

Goodness aliitazama sakafu. Hakuwa na mtoto, na ujana haukuwa umesimama kumsubiri.

"Baba, kama mimi ni mjane, niambie nilie. Kama ni mke, niambie mume wangu yuko wapi."

"Subiri," alisema Yoramu. Ndilo neno alilokuwa akimwambia miaka yote hiyo. Goodness akachukua kikombe, chai ikiwa haijanywewa, akatoka.

Wiki hiyo hiyo lilifika boksi kutoka duka la vitabu la kanisa kule mjini. Eunike, msimamizi wa duka, alikuwa na desturi ya kumpelekea Yoramu vitabu vipya ili aandike habari zake katika gazeti la dayosisi. Tangu serikali ilipolegeza masharti ya biashara, Moshi ilikuwa imejaa mitumba na redio za kila namna, na katika msafara huo hata vitabu vya wasomi vilipata nafasi. Safari hii vyote vilihusu Wayahudi: wafanyabiashara wao wa Baghdadi na Kairo, wanafalsafa wao, maisha ya miji yao midogo ya Polandi. Yoramu alivipanga mezani kwa furaha ya mtoto. Hawa aliwaona kama watu wake.

Ukweli ni kwamba Wayahudi wa Yoramu walikuwa wameishia kwenye ukurasa wa mwisho wa Biblia. Walikula nini, walicheka nini, walizikana vipi katika karne zote zilizofuata, hakuwahi kujiuliza. Alichofundisha, darasa baada ya darasa, ni kwamba walimu wao waliipenda sheria kuliko watu. Wanafunzi waliandika hivyo kwenye mitihani, naye akawapa alama.

Kitabu kinene kuliko vyote kilihusu ndoa na sheria zao. Ndani yake palikuwa na sura nzima ya mke ambaye mumewe amepotea na kifo chake hakina hakika. Haruhusiwi kuolewa tena. Jina lake kwa Kiebrania ni aliyefungwa. Yoramu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Aliyatarajia hayo, akaendelea kusoma ili auone ugumu wa mioyo yao vizuri.

Hakuuona. Aliwaona wazee wenye ndevu wakihangaika. Watu ambao katika mashauri mengine walidai mashahidi wawili, hapa waliridhika na mmoja. Walimkubali mwanamke, walimkubali mtumwa, walimkubali hata mpita njia asiye wa dini yao, aliyesimulia kifo katika maongezi tu bila kujua kwamba anatoa ushahidi. Kuhusu waliozama, waliyatofautisha maji. Yapo maji yasiyo na mwisho, kama bahari, ambayo mtu anaweza kuibukia ufuo usioonekana. Na yapo maji yenye mwisho, ambayo kingo zake zote zinaonekana. Aliyezama humo, watu wakangoja kwa muda ambao hakuna pumzi inayoweza kudumu, mkewe alifunguliwa. Palikuwa na rabi mmoja aliyeandikia wenzake miji na miji, kipupwe kizima, akimtafutia mlango mke wa mwoka mikate mmoja aliyepotea.

Yoramu alivua miwani. Huko uani alisikia maji yakimwagwa na nguo ikikamuliwa. Uso ulimwaka kwa aibu, akajichukia. Wale aliowasingizia walitokwa jasho wakilifungua fundo. La nyumbani kwake alilikaza mwenyewe, akaliita imani.

Kesho yake mchana, mzee wa kanisa aliingia kilabuni. Mazungumzo yalikatika, mtu mmoja akaficha kata yake nyuma ya mgongo. Primus alikuwa kwenye benchi la ukutani, akasimama haraka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Ulimwona Eliudi akishuka shimoni?"

"Nilimwona. Mimi ndiye niliyeshika kamba."

"Akatoka?"

"Hakutoka."

"Shimo lile lilikuwa na njia nyingine?"

"Halikuwa nayo, Mwalimu. Mdomo ni ule mmoja. Tulikaa pale mpaka kesho yake, tukiyatazama maji."

Yoramu aliinamisha kichwa. Primus akaongeza, kwa sauti ya chini, "Nilikuja kukwambia. Ukasikia harufu ya pombe, ukanifukuza. Nilikunywa ili niweze kulisema."

"Nisamehe," alisema Yoramu. Alikaa naye kwa muda, na mtu alipomsogezea kata ya mbege hakuisukuma.

Asubuhi iliyofuata Goodness alikwenda kihambani kukata majani ya ng'ombe, akamkuta mkwewe amesimama na panga mbele ya mgomba.

"Shikamoo, baba. Unatafuta ndizi?"

Yoramu hakugeuka. Aliinua mkono wa kushoto kwenye shina, akaushusha, akauinua tena.

"Eliudi alikuwa na kimo gani?"

Goodness aliuangalia mgomba kutoka chini mpaka juu.

"Namkumbuka akifikia meza," alisema mzee. "Namkumbuka na kaptula ya shule. Namkumbuka siku anaondoka, ananiaga pale njiani. Namkumbuka wa ukubwa wote, mwanangu, nimeshindwa kuchagua."

Mundu ulimtoka Goodness mkononi. Alisogea mpaka kwenye mgomba, akaliegemeza paji la uso shinani, akafumba macho. Kisha akapandisha mkono polepole juu ya kichwa chake, vidole vikipapasa ganda lenye unyevu, mpaka vikasimama.

"Hapa," alisema. "Mimi nilikuwa namfikia kidevuni."

Hapo kilio kikamtoka, kilio cha mjane, kwa sauti yote. Katika vihamba vya jirani watu waliacha kahawa mitini, wakaanza kuja. Goodness hakuuondoa mkono kwenye shina. Yoramu alisimama na panga lake, akimsubiri.