Matundu ya Vigingi

Nilikuwa nimeshakata nilipokumbuka kwamba shibiri yangu si shibiri ya baba.

Ngozi ilikuwa mapajani mwangu, ya mbuzi dume, imeiva wekundu wa magome. Baba aliniagiza nikate shibiri tatu, ikikunjwa itoke mkoba. Nikapima, gumba mpaka kidole cha mwisho, moja, mbili, tatu, kisu kikapita. Sasa, kila aliyemjua baba, fundi Rehani wa Mazingara, anajua kiganja chake kilikuwa kama sinia. Changu mimi, hata leo nimekuwa bibi, kinaingia ndani ya kibuyu. Nikautukana mkono wangu kwa sauti.

Hiyo ilikuwa Korogwe, mwaka mmoja baada ya reli ya Mdachi kufika. Tulihama Handeni kuifuata kazi: mikanda ya punda, mikoba ya makarani, viatu vya wapagazi. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa baba na chungu kimoja na hasira tele. Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Nilimng'ang'ania miezi mitatu mpaka akanipa kisu, na akanipa kwa sharti.

"Siku utakapoharibu ngozi ya mtu, Chausiku, kisu unakiweka chini. Jembe liko nyuma ya mlango."

Jamani, nilikipenda kile kisu! Nilipenda harufu ya magome ya mgunga mtungini, na ile sauti ya ngozi kavu ikianza kulainika mikononi. Hata sasa nikipita mahali ngozi imelowekwa, nasimama, watoto wananiuliza bibi unanusa nini. Jembe sikulichukia. Ila pale mkekani, na msharasi wangu wa kutobolea, ndipo nilipojiona mtu.

Na katika ngozi zote, nimekosea hii! Mwenyewe alikuwa Mama Yuditha wa Vugiri, mjane wa mwalimu wa misheni. Mbuzi yule mumewe alimlea kwa mkono wake tangu kuzaliwa. Sasa mume hayupo, mbuzi hayupo, na yeye anataka mkoba wa kutilia vitabu vya marehemu. Alishuka mlima kwa miguu kutuletea ngozi ile. Baba alikuwa msibani Mazingara. Wote wawili walitarajiwa Ijumaa.

Shibiri zangu tatu zilipungua vidole vinne. Nikaenda kwenye pembe ya mabaki, nikapekua mpaka nikapata ukingo wa ngozi ileile. Ngozi mbichi tunaiwamba chini kwa vigingi pande zote mpaka ikauke, na ukingo ule wenye matundu tunaukata na kuutupa. Kwa baba, tundu kwenye mkoba lilikuwa aibu ya fundi.

Kwanza niliunga ukingo ule nikayaziba matundu kwa viraka. Ukatoka mkoba wa kusikitisha, unaficha na kila mtu anaona. Nikafumua vyote. Ndipo nikachukua ukanda mwembamba nikaupitisha ndani ya matundu yenyewe, moja baada ya jingine, nikibana palipobanika na kulegeza pale ngozi ilipovutika ilipokuwa ikikauka. Mishono ya baba ilinyooka kama reli. Huu wangu ulipanda na kushuka kama njia ya Vugiri. Nikautazama, na Mungu anisamehe, nikaupenda.

Ijumaa baba ndiye aliyetangulia. Aliupapasa mkoba, vidole vikafika ukingoni, vikasimama.

"Hii si kazi yangu."

"Ni yangu, baba. Nilipima kwa mkono wangu."

Aliutazama mkono wenyewe. "Weka kisu," alisema.

Nikakiweka mkekani. Machozi yalinijaa nikayameza, kwa sababu hodi ilikuwa imeshapigwa mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama Yuditha alitia vitabu mkobani, vikaenea. Kisha kidole chake kikaanza kutembea kwenye ule ukingo. "Na haya matundu?"

Baba alifungua kinywa aombe radhi. Nikamwahi. "Ni ya vigingi, mama. Hapo ndipo mbuzi wako alipowambwa. Nilikosea kupima, nikaona bora yaonekane kuliko kukudanganya."

Akayarudia matundu kwa kidole, moja moja. "Vigingi," alisema. "Mume wangu alikuwa akimfunga kigingini kila siku, na yeye kila siku anaking'oa. Mkorofi yule!" Akacheka, kicheko kikageuka kilio, akajifuta, akautundika mkoba begani akaenda zake.

Kisu kilikaa mkekani siku tatu, hakuna aliyekigusa, nami nikalima. Nililima kwa nguvu kweli, nikiukatakata udongo kama umenikosea. Siku ya nne akaja mwanamke kutoka Mnyuzi, akampita baba mlangoni bila kuagiza chochote kwake.

"Namtafuta yule fundi wa matundu, aliyeshona mkoba wa Mama Yuditha."

Nilimsikia kutoka shambani, sikuthubutu kuinua kichwa. Baada ya kitambo nikasikia baba akiniita. Alikuwa ameitandaza uani ngozi mbichi aliyoileta yule mwanamke, amechutama kando yake na fungu la vigingi mkononi, hajapigilia hata kimoja.

"Njoo upigilie mwenyewe," alisema bila kunitazama. "Mimi nitajuaje unayataka wapi?"