Projekta ya Kumlaza Bi Somoe

Mama yangu, Bi Somoe, hajawahi kumtii mtu tangu azaliwe, sijui daktari alitegemea nini. Alipanda kwenye stuli kutafuta sufuria lake la pilau juu ya kabati, akaanguka, pingili ya uti wa mgongo ikapata ufa. Daktari akamwambia alale chali, asiinue hata mabega, mpaka mfupa uunge. Mama akaitikia "ndiyo, mwanangu" kwa ile sauti ya upole ambayo sie wanawe tunaijua. Maana yake ni nitafanya ninavyotaka.

Haukupita muda nikamkuta kajiinua kwa viwiko, shingo imemkakamaa, anatazama taarifa ya habari kwenye tivii iliyoko miguuni kwake. Nilipiga kelele mpaka nusu ya mtaa wetu wa Tandika wakajua. Tukarudi hospitali. Daktari akatazama picha, akanivuta pembeni, akasema ufa umeongezeka, na akijiinua tena hata mara moja, tusitegemee kumwona akitembea. Nikamfikishia Mama maneno hayo kama yalivyo. Akatazama dari. Kisha akasema:

"Jumamosi Yanga anacheza na Simba. Siku hiyo nitakaa kitako, Farida. Hata kama ndiyo mwisho wa miguu yangu."

Hakuwa akitania. Mama ni Yanga kiasi kwamba mie, niliyehamia Simba nikiwa shule ya msingi, hajanisamehe mpaka leo. Nikamwambia asikilize redioni. Akaniuliza kama mie pilau huwa nalila kwa kunusa. Nikamwambia nitamfunga na khanga kitandani. Akasema nijaribu tu.

Nililia jikoni, sifichi. Niliogopa, na nilikasirika, na kwa mama huyu mambo hayo mawili huja pamoja. Nikarudi chumbani nikidhani nitamkuta kafanya maajabu mengine, kumbe katulia, anahesabu madoa ya mbu kwenye dari letu jeupe. Hapo ndipo akili ikanijia. Kama macho yake hayaruhusiwi kushuka kwenye tivii, basi tivii ndiyo ipande darini.

Nikampigia mdogo wangu Badru twende Kariakoo kununua projekta, maana Badru hujiona bingwa wa kila kitu chenye waya. Alifurahi kupita kiasi. Kabla hatujafika Kariakoo alishaanza kuongelea ukuta wa sebuleni kwake, washikaji zake, spika kubwa za kuweka pembeni. Nikamkumbusha kwamba mgonjwa ni Mama, si ukuta wake. Akasema dada, nielewe, ukinunua nunua kitu cha maana.

Duka tuliloingia lilikuwa la kijana mmoja anaitwa Allen. Akatupeleka chumba cha nyuma, mapazia meusi, kiyoyozi kinapuliza, akawasha dude kubwa ambalo boksi lake lilikuwa na namba ya mwanga yenye masifuri mengi mpaka nikadhani ni namba ya simu. Picha ikajaa ukuta mzima. Hata mie nilivutiwa, nakiri. Badru ndiyo usiseme, alishatoa simu amtumie Allen hela.

Nikamshika mkono. Nilikuwa nimekikumbuka chumba cha Mama. Dirisha lake linatazama magharibi, na Mama hataki pazia lifungwe kwa sababu ya joto. Mechi ni saa kumi na moja jioni, jua bado limejaa kitandani. Sasa hili giza la dukani na sie linatuhusu nini? Nikamwambia Allen alitoe lile dude aliweke mbele, mlango wazi.

Alipoliwasha kule, wachezaji walififia wakawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Allen akajitetea kwamba watu nyumbani hutazama gizani. Nikamwambia kwetu tunatazama na jua. Nikamwambia pia alilaze lielekee juu. Akalitegemeza kwa maboksi, picha ikapinda, juu pana chini pembamba, feni ikaanza kuunguruma kama blenda ya muuza juisi. Tukasubiri. Badru akapiga miayo. Tulipokuwa bado tumesimama hapo likazima lenyewe kwa joto, kwa sababu matundu yake ya kupumulia tuliyaziba kwa kulilaza.

"Hili halikutengenezwa kulala," Allen akasema.

"Basi si la kwetu."

Pembeni ya rafu kulikuwa na kingine kidogo, ukubwa wa chupa ya chai, kina mguu wake na shingo inayogeuka mpaka juu. Badru akacheka, akasema hicho cha watoto, na hata boksi lake namba yake ndogo. Allen akawa mkweli, nampa heshima yake. Akasema namba ile ni ndogo kwa sababu imepimwa, zile nyingine kubwa watu wanajiandikia tu. Na bei yake ilikuwa nusu ya lile dude.

Maneno matupu sinunui. Nikavua viatu, nikatandika khanga katikati ya duka, nikalala chali. Allen akaniambia mama, utachafuka. Nikamwambia awashe, aniwekee mpira. Wateja wakawa wananiruka. Badru akatoka nje akajifanya hanijui. Mie nimelala pale, mlango wazi, mchana kweupe, nauona mpira unavyopita kwenye nyasi, nasoma matokeo kwenye kona ya picha, na feni naisikia kwa mbali tu. Nikalala mpaka mwanamke mmoja akauliza kama nimezimia, aniletee maji. Hakikuzima. Nikanyanyuka, nikajipangusa, nikalipa, na chenji ikatosha waya mrefu wa kufika kwenye king'amuzi. Badru alininunia mpaka nyumbani.

Jumamosi tukakiweka kwenye stuli karibu na kichwa cha Mama. Mara ya kwanza Mama akauliza kwa nini refa anatembea kwa kichwa, Badru akakigeuza upande wa pili. Pazia wazi, jua kwenye shuka, na darini uwanja mzima wa kijani. Mama hakusema asante. Alisema nitoe kichwa changu, namzibia.

Mie nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiomba sare. Simba wangu ashinde, Mama atanyanyuka kwa hasira. Yanga ashinde, atanyanyuka kwa furaha. Mechi ikawa ngumu, kipindi cha pili kinayoyoma, bado hakuna bao, nikaanza kupumua.

Ghafla kibanda cha kuonyeshea mpira mtaa wa nyuma kikalipuka kwa shangwe. Picha yetu ilikuwa inachelewa kidogo kuliko ile yao, kwa hiyo sie tulijua bao linakuja kabla hatujaliona. Nikaona mishipa ya shingo ya Mama inasimama. Nikanyoosha mikono juu ya kifua chake, tayari kumkandamiza, sikutazama tena dari. Nilitazama yale mabega mawili tu.

Krosi ikapigwa, Badru akapiga yowe, Mama akavuta pumzi ndefu. Mabega hayakuinuka. Iliinuka mikono peke yake, ikaingia kwenye mwanga, na kivuli cha mikono ya mama yangu kikafunika uwanja mzima darini, mabeki, kipa, refa, wote. Akapiga vigelegele kalala chali. Badru akimsihi ateremshe mikono tuone marudio, wapi. Na mie, Simba wa damu, nikajikuta nimesimama katikati ya chumba napiga vigelegele kwa bao la Yanga, machozi yananitiririka, na sioni aibu hata chembe.

Mpira ulipokwisha, moja bila, Mama akaniita.

"Farida. Mabega yangu yako wapi?"

"Yako kitandani, Mama."

"Mpigie daktari umwambie. Na umwambie na matokeo."

Nikampigia.